Maswali ya Gereji: Mkato wa Fundi na Njia ya Panya

Mwezi huu barua zimeniangukia kwa wingi kutoka kwa wenye magari ya spoti, na ukizisoma zote zinauliza jambo moja tu: kifaa kimejificha mahali mkono haufiki, fundi anasema ana njia yake ya haraka, je nimkubalie? Nimechagua tano. Ila kabla sijaanza nataka tuelewane kwenye maneno mawili, maana nitayarudia sana huko chini. Sisi watu wa Tanga njia ya mkato tunaijua, na njia ya panya tunaijua pia, mpaka wa Horohoro upo hapo na bahari ipo hapo. Njia ya mkato inakufikisha palepale ambapo barabara kubwa ingekufikisha ila umetembea kidogo. Njia ya panya haipo kwa ajili ya kufupisha, ipo kwa ajili ya kukwepa ukaguzi. Gereji nako ni hivyohivyo.

Shikamoo fundi. Nipo Chumbageni, nina Subaru Impreza WRX ya 2003, injini EJ20 ya tabo. Imeanza kumisi nikikanyaga mafuta, nimeambiwa ni plagi. Fundi wa kwanza kasema plagi za Subaru hazitoki mpaka injini ishushwe, anataka laki tatu na nusu. Wa pili kasema anatoboa tundu kwenye chuma cha pembeni ili soketi ipite moja kwa moja, dakika ishirini kamaliza. Wa tatu kasema ananyanyua injini kwa jeki. Nimchukue nani?

Marahaba mwanangu. Kwa maneno hayo waliyokuambia usimchukue hata mmoja, ila wa tatu ukimuuliza maswali mawili matatu anaweza kukufaa.

Kwanza uelewe kwa nini plagi zimejificha. Injini nyingi unazozijua pistoni zimesimama, plagi zipo juu, unafungua boneti unaziona. Ya Subaru pistoni zimelala, mbili kulia mbili kushoto, zinarushiana mateke kila moja upande wake, kwa hiyo silinda hedi zimekaa pembeni na plagi zinaangaliana na chuma cha chasisi. Nafasi iliyobaki hapo katikati ni kama ya kiganja cha mkono, na bado kuna waya na mabomba yamepita. Ndo maana mafundi wanaziogopa.

Lakini zinatoka, na injini ikiwa palepale ilipo! Nimefanya kazi hiyo mara nyingi tu nje ya nyumba kwa racheti ya kawaida. Siri yake ni kuanza kwa kutoa vitu vinavyokuzuia badala ya kupigana navyo. Upande mmoja unatoa boksi la eyaklina, upande wa pili unatoa betri na tanki la maji ya waipa, hiyo ni bolti chache na dakika kumi na tano, na ghafla unakuta una nafasi ya mkono mzima. Mafundi wengi wanaolalamika kuhusu plagi za Subaru hawataki kutoa hivyo vitu viwili vitatu, wanaingiza mkono kwa lazima, wanachubuka vidole alafu wanasema mzungu alikosea au mjapani alikosea.

Sasa mkato wenyewe, ule halali. Chukua soketi ya plagi ya 16, ile yenye mpira ndani wa kushika plagi, na ekstensheni mbili fupi. Usiziunganishe nje, maana fimbo ikishakuwa ndefu haitaingia, chasisi itakuzuia. Ingiza soketi peke yake kwenye shimo la plagi, kisha ekstensheni moja uibane kwenye soketi ikiwa humohumo ndani, kisha ya pili, mwisho racheti. Yani spana unaijenga ndani ya shimo kipande kwa kipande, na ukishalegeza plagi unaibomoa kwa mtindo huohuo. Mtu akinionyesha hivyo namwita fundi, hajakata kitu, hajaruka hatua, kafikiri tu.

Kuna mambo mengine usiyaache. Injini iwe imepoa kabisa, gari ilale ufanye asubuhi, kwa sababu hedi ni ya alumini na ukifungua plagi ikiwa ya moto thredi za alumini zinaweza kutoka nayo. Kabla plagi haijatoka puliza upepo kwenye shimo, mchanga wetu huu wa pwani ukiingia kwenye silinda hautoki kwa dua. Koili, zile zinazoipa plagi cheche, zitoe moja moja na usivute waya, klipu za plastiki zilizopikwa na joto miaka ishirini zinavunjika kama biskuti. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi ujue sili za kava zimechoka, ziandikie kabisa kwenye bajeti.

Kurudisha ndiko wengi wanakoua gari. Plagi mpya usiianzishie na racheti. Chukua kipande cha hozi ya petroli, urefu wa shibiri moja hivi, kichomeke kwenye kile kichwa cha plagi, alafu zungusha hozi kwa vidole, plagi ikiwa imekaa sawa itaingia laini yenyewe, ikiwa imepinda hozi itateleza kabla hujaharibu thredi. Huo nao ni mkato, na ni bora kuliko njia ndefu! Mwisho kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama 20 Nm. Na ile tabia ya kupaka grisi kwenye thredi eti pwani kuna chumvi iacheni, NGK wenyewe wanaotengeneza plagi wanasema plagi zao zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu na kuganda, ukiongeza grisi spana inakudanganya, unakaza kupita kiasi bila kujua.

Turudi kwa wale mafundi wako. Wa kushusha injini anakutoza kazi ambayo haihitajiki. Wa kutoboa tundu ndiye njia ya panya niliyoisema mwanzo. Kile chuma cha pembeni anachotaka kutoboa siyo pambo, kimebeba injini na ndicho kinachopokea kishindo gari ikigonga kwa mbele, na ukitoboa hapa Tanga ambapo ukiacha msumari dirishani wiki mbili umeota kutu, kile chuma kitaanza kuliwa kwa ndani ambako jicho halifiki. Dakika ishirini zake utakuja kuzilipa wewe au mtu atakayenunua gari baada yako.

Wa jeki muulize: utalegeza injini maunti, ile mipira inayoishikilia injini, kwanza? Na ile nguzo fupi ya juu inayoshika injini isitikisike, utaifungua? Jeki utaiweka wapi na juu yake utaweka nini? Akijibu kwamba analegeza vyote hivyo, anaweka ubao mpana chini ya sampu (lile bakuli la oili chini ya injini), ananyanyua kidogo sana huku anaangalia hozi za rejeta na mabomba ya tabo yasivutike, huyo anajua anachofanya, ingawa kwa plagi peke yake wala hahitaji kufika huko. Akikuambia naweka tu jeki nanyanyua, ondoka. Nikiwa bado kijana wa kushika tochi kwenye gereji moja barabara ya Pangani niliona jeki ikiwekwa kavukavu kwenye sampu ya gari kama yako. Sampu ikabonyea ndani, hakuna aliyeona shida, gari ikaondoka. Lile bonyeo lilikuwa limesogelea mdomo wa bomba linalofyonza oili, injini ikawa inapata oili nusu, na haukupita mwezi ikaanza kugonga beringi. Mwenye gari alilia mbele yetu, mtu mzima, alikuwa ameikusanyia ile hela miaka. Sijaisahau ile sauti ya injini mpaka leo.

Kaka fundi habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Raskazone. Marehemu baba aliniachia Toyota MR2 ile SW20 ya tabo, alikuwa anaipenda kuliko kitu chochote na mimi sitaki kuiuza. Inavuja maji kwa katikati, fundi kaangalia kasema ni hozi iliyo nyuma ya injini haifikiki, anataka kuifunga kwa mpira wa tyubu na waya, ikishindikana anasema ataziba kabisa pande zote mbili maana ni ya hita na Tanga hatuhitaji hita. Naogopa, kwa sababu ndo kumbukumbu yangu ya baba. Nifanyeje?

Dada yangu pole sana kwa kuondokewa na mzee, na nafurahi umeandika kabla hajafanya.

Gari ya baba, kwa wasioijua, ilitengenezwa kuanzia 1989 mpaka 1999, injini yake haipo mbele, ipo nyuma ya viti, imekaa kwa kukingama. Rejeta ipo mbele. Kwa hiyo maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya tumbo la gari kutoka mbele mpaka nyuma na kurudi, na katikati ya injini na ule ukuta unaotenganisha injini na viti kuna hozi fupi imejibana ambayo wenye MR2 dunia nzima wameipa jina la hozi ya jehanamu. Siyo fundi wako tu aliyeshindwa kuifikia, wapo watu Uingereza na Marekani wenye gereji za nyumbani zilizokamilika wanaishughulikia siku nzima.

Tyubu na waya ni bandeji. Ukiharibikiwa njiani pale Mombo usiku funga tyubu uende nyumbani taratibu, mimi mwenyewe nitakusaidia kuifunga, lakini siyo tengenezo. Maji ya injini yana presha na moto kupita nyuzi 100, tyubu itashika siku mbili tatu, alafu siku itakayoachia utakuwa umekaa mbele, mvuke unatoka nyuma yako, na mshale wa joto utauona umechelewa. Injini ikichemsha mara moja vizuri gasketi ya hedi inaondoka.

Kuziba pande zote mbili je? Hapa niwe mkweli, kuondoa hita kwenye mzunguko siyo dhambi kubwa, kama hita yenyewe imetoboka unaweza kuunganisha bomba la kwenda na la kurudi ili maji yaendelee kuzunguka huku unatafuta pesa. Lakini kuunganisha ni kitu kimoja na kuziba ni kingine. Ukiziba unasimamisha mto, na kwenye injini nyingi maji ya njia ile ndiyo yanayozunguka wakati thermostati, ile vali inayoruhusu maji yaende rejeta injini ikishapata moto, haijafunguka. Na huyo fundi hajathibitisha hata kama hozi anayotaka kuziba ni ya hita kweli, kasema haifikiki, sasa kama haifikiki kaijuaje? Akuonyeshe kwanza.

Kazi sahihi ni kuibadilisha, na humo ndani kuna mikato mizuri ambayo ningependa fundi wako aisome. Gari inyanyuliwe juu na ikae kwenye stendi za chuma, siyo jeki peke yake na siyo tofali, tofali la saruji linapasuka bila kukohoa na mtu yupo chini yake. Mtu mwenye mikono myembamba ndiye aingie. Hozi ya zamani asiivute, hiyo inakwenda jalalani, aichane kwa urefu na wembe mkali ifunguke kama ganda la ndizi, ila kwa uangalifu wembe usichore bomba la chuma lililo ndani, maana mchoro huo utavujisha hata hozi mpya. Shingo ya bomba aisugue mpaka ule ukoko mweupe utoke wote. Hozi mpya ailowanishe kwa kulanti (maji maalumu ya rejeta) au maji ya sabuni iteleze, asipake oili wala grisi, mpira ule ukikutana na mafuta unavimba na kuoza. Klampu za springi azigeuze kabla ya kufunga, masikio yaangalie upande ambao plaizi itaweza kufika siku nyingine. Kuna plaizi za klampu zenye waya mrefu kama wa breki ya baiskeli, unabana huku mbele inashika kule, kwa kazi kama hii inafuta masaa mengi na unaikuta kwenye maduka ya spana Dar, hata ya kuazima inatosha.

Na kwa kuwa mkono umeshafika huko, hozi nyingine za umri uleule zilizo jirani zibadilishwe zote! Hozi yenyewe siyo ghali, njia ya kuifikia ndiyo gharama. Ukibadilisha moja ukaacha jirani yake iliyozaliwa siku moja nayo, mwakani utalipa njia ileile upya.

Sehemu ambayo wengi wanailipua ni ya mwisho, kujaza maji. Gari ya injini nyuma na rejeta mbele inashika hewa kwenye yale mabomba marefu, na SW20 imewekewa vali za kutolea hewa mbele kwenye rejeta na kwenye hita, fundi azitumie kama zilivyokusudiwa, hita ikiwa imefunguliwa moto wa mwisho, ajaze taratibu mpaka maji yatoke bila mapovu. Fundi aliyebadilisha hozi vizuri akaruka hatua hii ataiua injini kwa hewa, na atakuambia hozi ilikuwa feki. Tena aweke kulanti, siyo maji ya kisima. Visima vingi vya mjini kwetu maji yake yana chumvi, hata chai inakataa, sembuse alumini.

Nikuombe dada, mwambie fundi akuachie ile hozi ya zamani uione kwa macho yako. Na ukipenda tuandikie tena ilivyokwenda.

Fundi, nipo Muheza, Subaru Legacy ya tabo. Muda wa kubadilisha taiming belti umefika. Nibadilishe mkanda tu au na wota pampu? Fundi wangu anasema mkanda tu unatosha, pampu haivuji.

Badilisha vyote, mkanda, pampu, tenshona inayoukaza mkanda na zile roli zinazouongoza. Mkanda wa injini hiyo kawaida ni kilomita 100,000, na pampu inazungushwa na mkanda huohuo, imekaa nyuma yake, ikija kuvuja mwaka kesho unafungua kila kitu tena upya na kulanti itakuwa imeshamwagikia mkanda mpya. Roli moja ikikwama mkanda unakatika, na injini hiyo mkanda ukikatika vali na pistoni zinagongana. Hapo hatuongelei tena gharama ya spea, ni hedi nzima. Pampu kutovuja leo siyo sababu.

Mzee habari. Nipo Korogwe, shemeji yangu alirudi kutoka ughaibuni akaniachia Nissan Fairlady Z ile Z34, gia za mkono. Juzi pedali ya klachi imezama chini haikurudi. Fundi kaongeza mafuta ya breki, kapampu, imefanya kazi siku mbili imezama tena. Anasema tuendelee kuongeza tu maana kushusha giaboksi ni gharama. Pia nauliza naweza kuiendesha hivyohivyo mpaka Tanga mjini?

Usiiendeshe. Ibebwe. Barabara ile malori hayaishi na klachi ikikataa pale unapotaka kusimama utampa mtu msiba.

Kwenye gari hiyo silinda ndogo ya klachi haipo nje kama kwenye magari mengi, imevalishwa ndani ya giaboksi ikiizunguka shafti, jambo hilo wenye Z34 wanalijua sana na pedali kubaki sakafuni ni dalili yake maarufu. Z33 za mwanzo, toleo lililoitangulia hii, ilikuwa nje, unaibadilisha saa moja umelala chini. Hii ya kwako kuifikia ni mpaka ekzosi ifunguliwe, propela shafti itoke, giaboksi ishuke.

Fundi wako kuongeza mafuta na kupampu siyo kosa kwa mara ya kwanza, kulikuwa na uwezekano mafuta ni ya zamani au kuna hewa, na kujaribu cha bei rahisi kwanza ni akili. Kosa ni kuendelea baada ya kuona yanapungua. Mafuta yanakwenda wapi? Achungulie chini ya giaboksi, pale inapoungana na injini, akiona yanadondoka jibu lipo wazi. Na mafuta hayo yakirukia klachi pleti yanailowesha, itaanza kuteleza, sasa kifaa kimoja kimeshakuwa viwili. Kila chupa unayoongeza unajinunulia klachi.

Giaboksi ikishuka, fuata kanuni ya jirani niliyomwambia dada wa Raskazone: silinda mpya, rilizi beringi kama haijaungana nayo, sili ya nyuma ya injini iangaliwe, klachi pleti na preshapleti zipimwe na kama zimekwenda nusu ya uhai wake zibadilishwe. Nje huko wanauza vifaa vya kuhamishia silinda ile nje ya giaboksi, au silinda ya chuma mahali pa ile ya asili, na kama mfuko unaruhusu mimi naona huo ni mkato wa maana kuliko yote, kwa sababu unamfikiria yule atakayerudi kwenye kazi hii siku za mbele. Tofauti yake na tundu la yule wa Chumbageni ni kwamba hapa hakuna chuma kinachobeba gari kimeguswa.

Shikamoo mzee wangu. Mi ni kijana fundi hapa Ngamiani, nina miaka mitatu kwenye kazi. Nimejifunza kufanya kazi kwa utaratibu lakini wateja wananikimbia, jirani yangu anafanya kwa nusu saa na nusu bei, mimi nikisema kesho naonekana nakula muda. Pili, bolti za ekzosi karibu na tabo zinanikatikia sana kwa kutu. Nisaidie.

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa kweli imenigusa.

Najua Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, na mteja naye anataka gari yake ije leo iondoke leo. Lakini usimlaumu mteja peke yake. Yeye haoni. Anaona boneti imefunguliwa na imefungwa, kilichofanyika katikati hakijui, kwa hiyo kitu pekee anachoweza kulinganisha kati yako na jirani yako ni muda na bei. Kazi yako ya kwanza ni kumwonyesha. Kabla hujagusa spana mwambie kifaa kipo wapi, nini kitatoka ili kifikiwe, mpeleke na tochi aone. Mpe bei mbili kama zipo mbili kweli, mwambie ukitaka hii nabadilisha hozi moja, ukitaka hii nabadilisha zote nne kwa sababu njia ni ileile, achague mwenyewe. Ila bei ya tatu, ya kutoboa, kukata au kuacha bolti mbili bila kurudisha kwa sababu hazifikiki, hiyo usiitaje kabisa, hata akikuomba. Akienda kwa jirani muache aende. Spea za zamani mpe mkononi, zimefungwa kwenye mfuko. Simu yako ina kamera, piga picha kabla ya kufungua na baada ya kufunga, umtumie WhatsApp, hiyo ni risiti ambayo jirani yako wa nusu saa hawezi kuitoa.

Na usijione kwamba mkato wote ni haramu kwako, nakusihi. Fundi asiyejua mkato anachosha na anamlia mteja pesa. Mimi kila nikifikiria njia ya haraka najiuliza, je nikiitumia, fundi mwingine atakayefungua gari hii baada ya miaka mitano atakuta kila kitu mahali pake? Kama jibu ni ndiyo, naenda nayo, hata kama kitabu cha gari kimesema vingine. Kuna vitabu vinasema toa bampa, toa hiki na kile, na mkono unapita kwenye tundu la taa bila kuvunja kitu. Pita hapo!

Sasa bolti zako. Za karibu na tabo zinapikwa na moto, zinapigwa na hewa ya chumvi, zinapikwa tena, usitegemee zitoke siku hiyohiyo uliyozigusa. Gari ikija jioni mwagia mafuta ya kulegezea kutu, yale ya kopo la kupuliza, injini ikiwa imepoa, urudie usiku kabla ya kufunga gereji na urudie asubuhi. Safisha thredi zinazoonekana kwa brashi ya waya. Tumia soketi ya pembe sita, siyo ya kumi na mbili, ile ya kumi na mbili inakula kona za nati iliyoliwa na kutu. Ikianza kusogea usiendelee kufungua kwa furaha, rudisha robo, fungua nusu, rudisha robo, mwagia tena, hivyo hivyo mpaka itoke, kutu inasagika inatoka. Ikigoma kabisa pasha moto nati na siyo bolti, nati ikitanuka ndo inaachia, ila hakikisha hakuna bomba la petroli wala waya karibu, na yale mafuta ya kulegezea umeshayafuta, kwa sababu yanawaka. Ikikatika pamoja na yote hayo mwambie mteja siku hiyohiyo, usiizibe na silikoni ukamrudishia gari.

Wakati wa kurudisha weka bolti na nati mpya na gasketi mpya, na hapo kwenye ekzosi ndipo ile grisi ya shaba ya kuzuia kuganda inapotakiwa, siyo kwenye plagi. Na nati za zamani usizichanganye kwenye kopo moja na za magari mengine. Nunua mifuko midogo ya plastiki yenye zipu, kalamu ya maka, andika kila mfuko umetoka wapi, tundika kwenye usukani wa gari husika mpaka umalize. Ukipita Tanga Cement kule Pongwe au popote wanapotengeneza mitambo mikubwa utaona hawafungui kitu bila kukiandika, na wewe anza hivyo kesho asubuhi na gari ya kwanza itakayoingia.